Pima ya Baba Mkubwa

Baba mkubwa hupimia mshipi kifuani. Hushika ncha kwa vidole vya mkono wa kushoto, akavuta kwa wa kulia mpaka mikono yote miwili ifunguke kama ya mtu anayempokea mgeni wa siku nyingi, kisha hutamka: "Moja." Hiyo ni pima moja. Wazee wa pwani waliupanga mwili kama futi kamba: shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima.

Anauza mishipi anayoifunga mwenyewe, jirani na soko la samaki la Feri, hapa Magogoni, mahali ambapo unaziona pantoni zikienda Kigamboni na kurudi. Mimi humletea rola za nailoni kutoka Kariakoo siku ambazo sina kipindi chuoni. Anakata pima 30, anazungushia kwenye kipande cha ubao, anafunga chubwi la risasi na ndoana mbili, biashara imekwisha.

Wateja wake wengi huvua wakiwa wamesimama ukingoni. Jioni hukosi kusikia ubishi: leo nimerusha pima 20, wewe pima 15 tu. Ubishi huo hauishi kwa sababu kila mmoja anapima kitu chake. Kuna mshipi uliotoka mkononi, na kuna umbali kutoka miguu yako hadi chubwi lilipozama. Maji yakianza kupwa, mkondo kwenye lango la bandari huuvuta mshipi ukafanya tumbo, na pima 20 zako zikawa 16 za umbali, au pungufu. Huko Ulaya na Marekani wapo wanaovua kwa chambo cha manyoya kilichofungwa kifanane na mdudu. Chambo chenyewe hakina uzito. Kinachorushwa hasa ni mshipi, mnene, kwa kawaida wa mita 27 hivi. Wakishindania umbali, mara nyingi hulaza futi kamba kwenye nyasi na kupima moja kwa moja mpaka chambo kilipotua, tumbo la mshipi halihesabiwi. Nilipomsimulia baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Sasa kwenye nyasi wanavua nini?"

Miaka miwili iliyopita aliteleza kwenye ngazi akaumia bega la kulia. Alipona, lakini mkono haufunguki tena wote. Yeye husema umepona. Kwenye mshipi wake mwenyewe, wa zamani, kuna nyuzi nyekundu alizofunga kila baada ya pima tano, kabla hajaanguka. Siku moja, alipokwenda kuswali, niliupima kwa futi kamba ya fundi cherehani: pima yake ya zamani ilikuwa sentimita 170. Kisha nikapima mshipi aliokata asubuhi ile. Sentimita 145.

Mteja anayelipia pima 30, basi, anapungukiwa mita saba na nusu.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, kwa hiyo niliukimbilia ufafanuzi, kama wengine wanavyokimbilia sigara. Augustino, yule askofu wa Hippo, aliona kuwa mwongo ni yule anayesema kinyume cha kilichomo moyoni mwake kwa nia ya kudanganya. Kwa kipimo hicho baba mkubwa ni msafi. Anafungua mikono hadi mwisho wake, kama siku zote, na anahesabu bila kuruka. Hakuna hata pima moja aliyoiba. Aliyekuwa anajua ni mimi. Nikanyamaza miezi minne, nikiendelea kumletea rola.

Katika miezi hiyo nilisoma habari za Pierre Méchain. Mwaka 1792 Wafaransa walituma wanaastronomia wawili, yeye na Delambre, wapime safu ya dunia kutoka Dunkerque hadi Barcelona, ili mita itokane na dunia yenyewe, siyo mkono wa mtu yeyote. Huko Barcelona Méchain alipata vipimo viwili visivyopatana, akaficha. Mita ikatangazwa mwaka 1799 naye bado kakaa na siri yake. Alirudi Hispania kupima zaidi, akafa huko kwa homa ya manjano mwaka 1804. Delambre aliyaona madaftari baadaye. Nilimhurumia kuliko ilivyonipasa.

Kisha akaja kijana mmoja, anayevuka kila siku kutoka Kigamboni. "Shikamoo, mzee. Huu mshipi haufiki."

"Marahaba. Haufiki, au wewe hujui kurusha?"

Waliokuwapo wakacheka. Kijana akaniangalia, sijui kwa nini mimi, nami nikainama kupanga ndoana.

Jioni ile baba mkubwa aliuchukua mshipi wake wa zamani akaanza kuuhesabu polepole. Kwenye uzi wa pima 20 yeye alikuwa ameshafika 23 na kidogo. Akarudia. Nilisubiri aitazame mikono yake. Alikitazama kipande cha ubao.

"Nailoni hii imevutika," akasema. "Ikikaa sana majini huvutika."

Ni kweli, nailoni huvutika. Ndiyo maana nilipata pa kuingilia. "Basi hata hizi mpya zitavutika, baba," nilisema, "ila mteja siku ya kwanza hajui. Tuwe tunamwongezea tano kwenye 30." Aliwaza, akakubali, tena kwa fahari ya muungwana anayetoa zaidi ya alichoombwa. Kwa mkono wake wa sasa pima 35 ni mita 51 kasoro robo, karibu sawasawa na zile 30 za zamani. Hesabu ikakaa sawa juu ya sababu ambayo si yenyewe, kwani mshipi ukivutika si huwa mrefu zaidi? Sikulisema hilo. Kwa kipimo cha Augustino, safari hii mwongo yupo, na hakuwa yeye.

Yule kijana bado anapita na mshipi wake mfupi. Sehemu ya kukosekana nimeshaikata, mita saba na nusu kwa futi kamba, nimeikunja ndani ya mkoba wangu wa chuo. Imekaa humo wiki ya tatu. Nikimpa ataniuliza ni ya nini, na baba mkubwa huketi hatua mbili tu kutoka hapo, masikio yake hayana kasoro.