Lafudhi ya Soja

Ukikulia Kenya na TV iko sebuleni, unajua soja anavyoongea kabla hujawahi kuongea na soja yeyote. Ana lafudhi ya magharibi, anapenda ugali, na Kizungu chake kinachekesha. Bosi wake naye ni kama hana kabila. Anaongea laini kama msoma habari. Hakuna mwalimu aliyetufundisha mgawanyo huo. Tuliuokota polepole, jioni baada ya jioni, tukicheka.

Swali langu: kicheko hicho kina deni kwa nani?

George Gerbner, msomi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alianza miaka ya 1960 kuchunguza ukatili katika vipindi vya TV vya Marekani. Hoja yake haikuwa kwamba ukiona ngumi utatoka nje kupiga watu. Alisema anayetazama TV saa nyingi huiona dunia kuwa katili kuliko ilivyo. Hadithi ikirudiwa vya kutosha, huioni tena kama hadithi. Unaivuta tu kama hewa.

Ndiyo maana jibu la "si ni kuchekesha tu, bana" halinitoshi. Mzaha mmoja ni mzaha. Mzaha uleule kila wiki kwa miaka kumi ni masomo. Mjomba wangu alilinda geti Nairobi kwa muda mrefu. Yeye ni mtu wa Machakos. Wapangaji wengine walikuwa wakimsalimia kwa lafudhi ya Kiluhya ya kuigiza, tena kwa upendo kabisa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakiongea na soja wanayemjua, na huyo hakuwa mjomba.

Lakini nisimwonee mtu. Papa Shirandula wa Citizen TV, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, alikuwa na lafudhi hiyohiyo. Ila Papa alitoka nyumbani na suti, akafika kazini akavaa sare, ili mkewe asijue anafanya kazi gani. Hapo mzaha umebeba aibu halisi. Mimi niliyeacha chuo, na ambaye shangazi bado wananiuliza mahafali ni lini, naijua suti hiyo vizuri sana. Kwa hivyo lafudhi yenyewe si dhambi. Cha muhimu ni kama hadithi inamfuata soja mpaka kwake, au inamwacha getini.

Waandishi hawawezi kusema hawana nguvu hizo. Huko Brazil, tamthilia za Globo zilionyesha familia ndogo kwa miaka mingi, na watafiti waligundua kwamba maeneo yaliyofikiwa na mawimbi ya kituo hicho yalizaa watoto wachache zaidi. Sasa, huwezi kuchukua sifa hadithi inapobadilisha maisha, kisha ukasema ni mzaha tu inapomdharau mtu.

Deni la mwandishi si kumfanya maskini malaika. Huo pia ni uongo, na unaboa. Deni lake ni kumpa soja kitu ambacho sisi watazamaji hatukukitarajia: siri, hasira, maoni, hata ujinga ulio wake mwenyewe.

Na sisi tuna letu, jepesi zaidi. Ukifika getini, msikilize kwanza anavyoongea.