Musalaba wa Shaba: Uongo wa Kitu ao wa Kinywa?

Mwaka 2019, kwa ndoa moja huko Likasi, wazee wa bwana-arusi walitoa mali, na juu ya feza wakaweka musalaba mudogo wa shaba. Wakasema: "Huu tuliachiwa na babu." Kisha siku chache mujomba wa bibi-arusi akatufikia nao, kwa kuwa tunafundisha historia. Alitaka neno moja tu: uko wa kweli ao hapana?

Tuliushika. Mafundi wa mukuba wa zamani walimimina shaba katika kalibu iliyo wazi juu; kwa hiyo pande mbili hazilingani, na mikono haifanani sawasawa. Lakini huu ulikuwa laini pande zote, na mustari mwembamba ulizunguka ukingo, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Tukakwangua kidogo: njano, si nyekundu. Kumbe ni mufano, kama ile inauzwaka kwa wageni.

"Basi hata ndoa iko ya uongo!" mujomba akasema.

Hapo hatukukubaliana naye. Kuiga peke yake si kosa. Mwaka 1961 Katanga iliyojitenga ilitoa sarafu za franka moja na franka tano: musalaba upande mmoja, ndizi upande mwingine. Hiyo nayo ilikuwa mufano wa musalaba, lakini ilijiandika bei yake, haikudanganya mtu. Na misalaba ya kale yenyewe haikuwa ya biashara tu: kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji wa 1957 na 1958 waliikuta makaburini, pamoja na wafu. Mufano ukitolewa kama mufano, kwetu sisi unatosha kabisa kuwa alama ya ndoa. Kilichoharibika Likasi ni ile sentensi ya babu.

Mwalimu mwenzetu alitulaumu: binti alikuwa tayari kwa mume wake, mbona hamukunyamaza? Lawama hiyo ilituuma, maana ukweli wa mwalimu unaweza kuvunja nyumba ya watu. Lakini tuliulizwa wazi, na kesho watoto wangerithi babu ambaye hakuachia kitu.

Mujomba hakurudisha musalaba. Aliwaita wakwe, akaomba wauweke mezani mara ya pili na kusema walikoutoa. Wakanyamaza sana. Kisha mukubwa wao akasema: "Sokoni." Akaupokea.