Ngazi Ikihama, Nyumba Hubaki?

Katika mji wa Morlaix, kaskazini mwa Bretagne nchini Ufaransa, iko nyumba ya mbao inayobeba jina la Anne, mtawala wa Bretagne aliyekuwa malkia wa Ufaransa mara mbili. Anne alipita Morlaix mwaka 1505 akiwa katika hija. Akafariki mwaka 1514, na nyumba ikajengwa takriban mwaka 1530. Jina, basi, ni la kubandikwa.

Nyumba za namna hii zilijengwa na matajiri wa biashara ya kitani. Miongoni mwao walikuwamo waungwana wa ukoo, kwani desturi ya Bretagne ilimruhusu mwungwana kuulaza uungwana wake wakati akifanya biashara, kisha kuuamsha. Katikati ya vyumba vya mbele na vya nyuma waliacha ukumbi ulio wazi hadi paani, wenye meko makubwa. Pembeni, ngazi huzunguka nguzo ya mwaloni iliyochongwa sanamu za watakatifu, na roshani ziitwazo pondalez huunganisha ngazi hiyo na vyumba vya pande zote mbili.

Ngazi ya nyumba nyingine ya mji huohuo, iliyokuwa Grand'Rue, sasa iko London, katika Victoria and Albert Museum, tangu mwaka 1909.

Je, iliyohamishwa ni nyumba au mbao tu?

Plutarch aliandika kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliibadilishia mbao zilizooza hadi wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Ngazi ya London inaligeuza swali hilo: mbao ni zilezile, ila hakuna chumba cha kupandia.

Upande wa dini, Mtaguso wa Trento ulitamka mwaka 1563 kwamba heshima inayotolewa kwa sanamu humwendea yule inayemwakilisha, wala ndani yake hamna uungu. Kwa mafundisho hayo, mtakatifu hakupungukiwa kitu nguzo ilipovuka bahari. Waliopungukiwa ni watu: mtu wa nyumbani aliyepita mbele yake kila siku akienda kulala, nafasi yake imechukuliwa na mgeni anayekagua ufundi wa patasi.

Hati ya Nara ya mwaka 1994 inaruhusu uhalisi wa urithi upimwe pia kwa matumizi na mahali, si kwa malighafi peke yake. Kwa kipimo hicho, nyumba ya Anne, iliyoorodheshwa kuwa urithi wa taifa mwaka 1883, inaishinda ngazi ya London, hata ikiwa na jina la kuazima.