Alitokea Ghafla

Kuna sentensi moja ambayo kila dereva wa Nairobi anaijua, na huitoa kabla hata hajazima injini: alitokea ghafla. Polisi wanaiandika, ndugu wa majeruhi wanaisikia, umati uliokusanyika unaikataa. Ukiitafakari, ni sentensi ya ajabu. Mtu hatokei ghafla. Ametoka Umoja alfajiri, ametembea hadi Mutindwa, amesimama kando ya Outer Ring akitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena kama alivyofundishwa akiwa darasa la kwanza. Amehesabu magari, amevuta pumzi, ndipo akavuka. Kwake hakuna ghafla yoyote. Ghafla iko upande wa usukani. Ni jina tunaloupa muda ambao hatukuwa tukitazama.

Nimeanza kuichunguza sentensi hii tangu binamu yangu agongwe. Aliponea, ila mguu haujarudi ulivyokuwa, na kazi ya mjengo ameiacha. Dereva hakuwa mlevi. Alikuwa mtu mpole, alimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa nasi hadi usiku. Gari lake lilikuwa jipya kuliko mengi ya mtaani kwetu, lina kamera na sensa kila upande. Alipokuwa akituelezea, aliongeza maneno mawili yaliyonikaa kichwani: "Alitokea ghafla, hata gari halikulia."

Gari halikulia. Yaani kazi ya kuona ilikuwa ya gari, na gari likikaa kimya basi hakuna mtu. Swali langu ni hili: tukilifundisha gari kuona kwa niaba yetu, je, kuona kunaacha kuwa wajibu wetu?

Wengi wetu tulijifunza kuendesha juu ya meza. Kabla ya kushika usukani, unasukuma kigari cha kuchezea kwenye ubao wa mji, wenye raundabauti na alama zake, huku mwalimu akiuliza nani apite kwanza. Kwenye ubao niliofundishiwa mimi hapakuwa na hata sanamu moja ya mtu. Somo kubwa lilikuwa udereva wa kujihami: acha nafasi mbele, tazama vioo, chukulia kwamba kila mwenzako anaweza kukosea. Ni somo zuri, limeokoa wengi. Lakini neno lenyewe lina mtego. Kujihami ni kujikinga na hatari inayokujia. Sasa mimi niliye ndani ya tani moja na nusu ya chuma, nimefunga mkanda, najihami dhidi ya nani? Dhidi ya mama mwenye kapu la sukuma?

Hesabu haina siasa. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, unasonga karibu mita 14 kila sekunde. Ukiwa 80, ni mita 22. Mguu wako kabla haujafika kwenye breki, umeshapita urefu wa mabasi mawili. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu. Hatari inatoka wapi kwenda wapi, hilo liko wazi.

Kuilazimisha mashine itutunze si jambo geni kwetu. Februari 2004, sheria za Michuki zilipoanza kufanya kazi, kila mathree ilitakiwa kuwa na mikanda na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Wazee wa mtaani bado wanasimulia jinsi abiria walivyokaa kwa nidhamu, kila mtu na kiti chake. Kisha mikanda ikawa kitu cha kushikilia kifuani ukiona polisi mbele, na gavana ikapata mafundi wa kuifungua. Kifaa kilibaki, nia ikaondoka. Gavana iliyobaki kwa ajili ya stika tu haimzuii mtu yeyote.

Sasa mambo yamegeuka. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo kile Wajapani walichokuwa wakiringia juzi ndicho kinachoegeshwa Buruburu leo. Subaru walizindua EyeSight nyumbani kwao mwaka 2008, kamera mbili nyuma ya kioo zinazopima umbali na kufunga breki zenyewe. Vijana wetu wa Subaru wanazo, ingawa wengine hawajui, kwa sababu gari linawaonya kwa Kijapani. Na hata ukielewa, kamera inayokulinda usitoke kwenye mstari inahitaji mstari. Ingia nayo Kayole ndani, ambapo rangi ya barabara iliisha au haikuwahi kupakwa, ambapo mkokoteni, boda na mtoto wa shule wanagawana njia moja. Ama litanyamaza, ama litalia hadi uchoke, na ukichoka unazima.

Najua jibu la wanaopenda teknolojia, na nalichukulia kwa uzito. Mashine hailewi. Haisinzii, haifungui WhatsApp. Fikiria dere aliyetoka kitandani saa tisa usiku na bado yuko barabarani saa tatu usiku, kwa sababu hesabu ya tajiri haijafika. Ikiwa breki inaweza kushika kwa niaba yake pale macho yanapofumba, nani atakuwa na roho ya kuikataa? Mimi sikatai. Maisha ya mtoto mmoja yaliyookolewa na sensa ni mazito kuliko falsafa yangu yote.

Lakini kuna jambo linalotokea ndani ya dereva anapopewa mlinzi. Huko Munich, Ujerumani, miaka ya 1980, watafiti walifuatilia teksi zilizofungwa breki za ABS na zile zisizo nazo. Breki zilikuwa bora kweli. Ila ajali hazikupungua, kwa kuwa madereva waliojua wana breki nzuri walianza kuendesha kwa ukali zaidi. Usalama waliopewa waliutumia kama pesa: wakanunua mwendo. Na bili, kwa kawaida, hulipwa na aliye nje ya gari.

Kisha kuna usiku wa 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona. Gari la Uber lililokuwa likijiendesha katika majaribio lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka akisukuma baiskeli. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu zake waligundua jambo linalopaswa kutunyima usingizi sisi watu wa Eastlands. Gari lilikuwa limemwona. Lilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Tatizo ni kwamba halikuamua yeye ni nini: mara gari, mara kitu kingine, mara baiskeli. Programu yake haikuwa imepangwa kumtarajia mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko.

Mahali pasipo na kivuko! Hapo ndipo nusu ya jiji letu inapovukia. Si kwa ukaidi. Daraja la miguu liko mbali, limejaa giza usiku, na ukilipanda saa tatu unaweza kushuka bila simu. Kwa mashine iliyofundishwa mji wa watu wengine, jirani zangu wote ni watu ambao hawakutarajiwa.

Na lawama ilikwenda wapi? Mwaka 2019 waendesha mashtaka waliona hakuna msingi wa kuishtaki kampuni. Aliyeshtakiwa ni mwajiriwa aliyekuwa kitini kulisimamia gari, ambaye wachunguzi walisema alikuwa ameshughulika na simu yake. Alikiri kosa mwaka 2023, akapewa miaka mitatu ya uangalizi bila kifungo. Kwa muda wote wa safari aliambiwa gari linaona. Siku ya mahakama akaulizwa macho yake yalikuwa wapi. Sidhani swali hilo lilikuwa la uonevu, ingawa natamani waliounda ile programu nao wangeulizwa. Wajibu wa kutazama unaweza kugawanywa baina ya watu wengi, kuanzia mhandisi hadi mkandarasi anayesahau kivuko. Kugawanywa si kufutwa.

Tazama watu wanavyovuka Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Hakuna anayengoja taa. Mtu anainua mkono, anamtafuta dereva machoni, na dereva akipunguza mwendo kidogo tu, makubaliano yameshafungwa: nimekuona, pita. Ni mkataba wa sekunde moja baina ya watu wasiojuana, na unaheshimiwa maelfu ya mara kila jioni bila polisi yeyote. Kinachomvusha yule mtu ni kujua kwamba kuna mwenzake nyuma ya kioo aliyemtambua kuwa mtu. Kutazama kwa namna hiyo ni heshima kabla ya kuwa mbinu ya usalama. Ndiyo maana linachoma neno la kwamba gari halikulia. Binamu yangu alikuwa ameinua mkono, na aliyeuinulia alikuwa ameachia mashine kazi ya kumpokea.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Tumefika wakati ambapo macho yetu yanaambiwa na dashibodi, na si vibaya kukumbushwa. Vibaya ni kuamini kwamba bila kukumbushwa hatudaiwi. Gari likilia, lishukuru. Likinyamaza, deni lako liko palepale, na unadaiwa na yule asiye na chuma mwilini.

Labda walimu wetu wa udereva wanahitaji kubadilisha silabi moja tu. Waliotufundisha kujihami watufundishe pia kuhami. Ile "ji" ikidondoka, ukinga unageukia nje, kwa mama wa sukuma, kwa mtoto wa shule, kwa mtu aliyesimama muda mrefu pembeni akingoja mmoja wetu amwone.