Mimi Nilishika Tochi

Roger anaokota jiwe, analenga, analirusha. Anayelengwa ni mtoto mdogo aitwaye Henry, amechuchumaa ufukweni akichezea vidudu vya majini, hana habari. Jiwe linatua pembeni. Roger anaokota jingine, nalo linakosa. Anakosa kwa makusudi. Kumzunguka yule mtoto kuna duara lisiloonekana, la hatua chache tu, na mkono wa Roger hauthubutu kulivuka. Mzazi hayupo, mwalimu hayupo, polisi hayupo, lakini mkono bado unawakumbuka.

Sura chache mbele, mkono huohuo utabinua jabali kutoka juu ya mwamba, na mtoto mwingine, mnene, mwenye pumu na miwani, atakufa.

Kitabu ni Lord of the Flies, yaani Bwana wa Nzi, jina litokanalo na Baal-zebubu wa kwenye Biblia. Nilikinunua zamani kwa wauza vitabu vya mitumba, kimechakaa jalada, na nimekisoma mara nne. Mwandishi wake, William Golding, alikuwa mwalimu katika shule ya wavulana mjini Salisbury, Uingereza. Katikati ya ualimu huo alikwenda vitani na jeshi la majini, na Juni 1944 aliongoza chombo cha kurushia roketi majeshi yalipotua Normandy. Akarudi kusahihisha madaftari ya watoto. Mtu aliyeona yale, kisha akakaa mbele ya darasa la wavulana wenye tai shingoni, sishangai kwamba aliwatazama kwa jicho jingine. Wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu. Hata Faber, msomaji wao alikiponda, ila mhariri kijana, Charles Monteith, akakinyanyua kutoka kwenye rundo la vilivyokataliwa. Kikatoka Septemba 1954. Mwaka 1983 Golding akapewa tuzo ya Nobeli.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Vita imepamba moto, ndege iliyobeba wavulana wa Kiingereza inaanguka kisiwani, hakuna mtu mzima aliyebaki. Ralph anachaguliwa kiongozi. Anayeshika kombe kubwa la baharini, lile linalolia kama baragumu, ndiye mwenye zamu ya kusema. Moto unawashwa kwa miwani ya Piggy, yaani Kinguruwe, yule mnene, jambo ambalo mwalimu wa fizikia angelipigia mstari mwekundu: miwani ya mtu asiyeona mbali hutawanya mwanga, haiukusanyi. Tumsamehe. Jack anaongoza wawindaji, na hao wawindaji, msisahau, walifika kisiwani wakiwa kwaya. Ni Jack huyuhuyu anayesema mapema kabisa kwamba lazima wawe na sheria, kwa kuwa wao si washenzi, wao ni Waingereza.

Hapo Kiswahili changu kinanikaba. Maneno niliyonayo ya kukisimulia kitabu hiki ni ustaarabu na ushenzi, na yote mawili yana kesi ya kujibu. Ndani ya ustaarabu amekaa Mwarabu. Wanahistoria wa pwani wanatueleza kuwa uungwana ndio uliotangulia, na ustaarabu ukashika kasi karne ya 19, enzi ya masultani wa Kiomani pale Unguja. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na dini ya mjini wala nyumba ya mawe, na kwa hesabu za wakati ule, basi, mtu anayeuzika. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Hadi siku hiyo, mstaarabu ndiye aliyekaa kivulini na daftari, na mshenzi ndiye aliyesimama juani na bei.

Golding naye hakusalimika. Katika chapa ya kwanza ya Uingereza, Piggy, mwenye akili kuliko wote kisiwani, anapotaka kuwatia aibu wenzake waliojipaka rangi usoni, anawafananisha na watu weusi, kwa lile neno la tusi. Chapa za baadaye zimelibadilisha. Nakala yangu ya mitumba ilikuwa nalo. Nililikuta jioni moja, nikafunga kitabu, nikatoka nje. Siku ya tatu nikakifungua tena, maana nilikuwa nimeanza kuona kwamba tusi lile lilikuwa linamwumbua aliyelitoa. Wavulana wale wanautafuta ushenzi kwa watu wa mbali, wakati unakoka moto wake palepale walipokaa.

Wapo wanaosema Golding aliwasingizia watoto, na siku hizi wana ushahidi mkononi. Mwaka 1965 wanafunzi sita wa bweni mjini Nuku'alofa, Tonga, walichukua mashua ya mvuvi bila ruhusa. Dhoruba ikawaharibia tanga na usukani, wakaelea siku nane, wakatupwa 'Ata, kisiwa kisicho na mtu. Walikaa zaidi ya mwaka, hadi Septemba 1966 nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowakuta. Walikuwa wamelima bustani. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakamfunga vijiti, ukaunga vizuri. Wawili wakigombana, kila mmoja alikwenda upande wake wa kisiwa mpaka hasira ipoe. Walianza siku kwa wimbo na sala, wakaimaliza hivyohivyo, na mmoja alitengeneza gitaa kwa kifuu cha nazi na waya za mashua iliyovunjika.

Naipenda habari hiyo, na sioni kama inamfuta Golding. Mkono wa Roger ulizuiwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ambayo haifanyiwi mazoezi huchakaa. Vijana wa Tonga waliifanyia mazoezi kila alfajiri. Tena walikuwa sita, marafiki waliotoroka pamoja, na hakuna mmoja wao aliyepewa jina la mnyama.

Kisha kuna swali la kwa nini 'Ata haikuwa na watu. Mwaka 1863, miaka kumi kabla ya Mkunazini kufungwa, meli ya wafanyabiashara wa watumwa ilifika pale ikawabeba zaidi ya watu 100. Mfalme wa Tonga akawahamishia waliobaki kisiwa kingine. Waliofika na meli ile, naamini, nao waliwaita waliowabeba washenzi.

Jina hutangulia. Kisiwani kwa Golding, watoto wanaanza kuota kuna mnyama. Simon, mpole, mwenye kuzimiazimia, anapanda mlimani peke yake na kumkuta huyo mnyama: maiti ya rubani aliyenaswa kwenye kamba za parachuti yake. Anateremka usiku kuwaletea habari njema. Huku chini wengine wanacheza ngoma, radi inapiga, na anapochomoza gizani mtu anapaza sauti kwamba ndiye mnyama. Wanamwua kwa mikono na meno. Ralph yumo kwenye duara. Piggy yumo.

Lakini ukurasa unaonishinda ni wa asubuhi yake. Ralph anataka kulitaja lililotokea kwa jina lake. Piggy hataki: ilikuwa giza, ilikuwa ajali, na sisi tulikuwa pembeni. Mapacha Sam na Eric wanasema waliondoka mapema, walikuwa wamechoka. Mapacha wenyewe wana majeraha usoni. Wote wanne wanaafikiana kwamba waliondoka mapema.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wavulana, nyanda za juu kwenye baridi, mwanzoni mwa miaka ya 80. Ilikuwa miaka ya upungufu. Kipande cha sabuni ya mche kilifungiwa kwenye tranka kwa kufuli. Sabuni ya mtu ikapotea. Sijui nani alianza kulitaja jina, ila kufika chakula cha jioni lilikuwa limeshazunguka bweni zima, na yule kijana wa kitanda cha dirishani hakuitwa tena jina lake. Aliitwa mwizi. Kama kweli aliiba au hakuiba hakuna aliyetafuta. Tranka lake halikufunguliwa.

Jenereta lilizimwa saa nne. Walimzunguka na mikanda. Mimi sikumpiga. Nilikuwa na tochi, baba aliniletea nisomee usiku, na kiranja akaniambia, "Mulika hapa." Nikamulika. Alipojikunja upande huu nilihamishia mwanga upande huu. Alipoficha uso nilisogea. Mara moja alinyanyua kichwa akatazama kwenye mwanga, na nadhani hakuniona, maana anayemulikwa haoni aliyeshika.

Asubuhi, mstarini, mwalimu wa zamu alimwona mdomo umevimba. Akauliza bweni letu, mmoja mmoja. Vijana arobaini walikuwa wamelala. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Nilikuwa nimelala, mwalimu." Alipoulizwa mwenyewe, alisema alianguka kitandani.

Kwenye foleni ya uji alikuwa mbele yangu. Nilitazama visigino vyake muda wote. Karibu na sufuria akageuka, akaniuliza kama betri zangu bado zina nguvu, maana ana hesabu hajamaliza na usiku angependa kuazima ile tochi.

Nikamwazima.