Nyuki Wasiouma

Je, haki yetu hupimwa mbele ya nani? Nyuki wakubwa tunawaendea usiku, na moshi mkononi, kwa adabu zote. Nyuki wadogo hawaumi. Hao tunawaendea mchana kweupe, na shoka.

Nasi tulifanya hivyo. Gogo walimoishi nyuki wadogo lilianguka kihambani. Tukalipasua, tukakamua asali kwa ajili ya kikohozi cha watoto, tukaondoka. Jioni tulikuta vijungu vyao vya nta vimepondeka, siafu wamekwisha kufika, na malkia anatambaa kwenye vumbi la mbao. Malkia wa nyuki wadogo akishaanza kutaga huwa mzito, haruki tena. Malkia wa nyuki wakubwa aweza kuhama na kundi lake. Huyu hana pa kukimbilia.

Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inamruhusu anayekuta kiota cha ndege kuchukua makinda, lakini amwache mama aende zake. Mungu hakukataza kula, aliweka mpaka. Lakini mama asiyeweza kuruka, tutamwachaje? Kwa kumwachia nyumba.

Kwa hiyo, tulipopata gogo jingine, tuligonga mzinga: sanduku dogo la mbao nene zilizokauka, lenye tundu dogo la kuingilia na vyumba viwili, kimoja juu ya kingine. Malkia na watoto wake tuliwahamishia chumba cha chini, tukaning'iniza mzinga kwenye upenu, nyuma ya nyumba. Asali huwekwa juu. Tunafungua huko tu, wala hatuimalizi. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza, kazi yote hiyo kwa chupa moja? Ndiyo, kwa chupa moja.

Wapendwa, hata majumbani mwetu wamo wasiouma: dada wa kazi asiyethubutu kudai mshahara wake, kibarua anayeambiwa aje kesho, mjane ambaye mpaka wa shamba lake husogezwa kidogo kila msimu. Kufaidi kazi ya mwenzetu si dhambi. Dhambi ni kuvuna hata tukaivunja nyumba yake, kwa kuwa tunajua hana la kutufanya.

Mzinga wetu haukumrudisha yule malkia wa kwanza. Hilo tunalitubu. Lakini kila tunapoufungua tunajifunza upya: pasipo mwiba wa kuogopwa, ndipo huonekana kama tunamcha Mungu.