Ulichokiweka Kando Kinakudai

Siku za mapumziko, chini ya daraja la barabara kuu iendayo Sur, watu hujipanga kungoja boti ya kuwavusha kuingia bonde la Wadi Shab, hapa Oman. Simu ziko mikononi. Jua halijawa kali, wameshapiga picha za kereng'ende juu ya jiwe, chura aliyejibana penye unyevu, vijisamaki vinavyodonoa nyayo za waogeleaji. Jioni wakirejea Tiwi, baadhi yao huzipandisha picha hizo kwenye iNaturalist, mtandao ulioanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Pale mtu yeyote huweka alichokiona, akataja mahali na tarehe, na wengine wakamsaidia kukitambua.

Ni kazi njema na ninaipenda. Kinachoniuma ni kwamba wengi wetu tukishapandisha picha, au tukishaziwekea alama picha za wenzetu kwamba tutazitazama baadaye, haturudi tena.

Kuweka alama kwenyewe ni rahisi. Ukiona picha iliyokuvutia au iliyokutia shaka, unabonyeza nyota, nayo inaingia kwenye orodha ya ulizozipenda. Ukitaka unaifuatilia, ukaletewa taarifa kila mtu anapotoa maoni au kupendekeza jina jingine. Wenye uzoefu wa kutambua huwa na alama yao ya kuonyesha kwamba picha fulani wameshaipitia, isiwarudie. Na wapo wanaohifadhi anwani ya utafutaji mzima, kwa mfano mijusi wote wa wilaya ya Sur ambao bado hawajapata jina la uhakika. Anwani hiyo ukiifungua baada ya miezi mitatu inakuletea hali ilivyo siku hiyo, pamoja na picha zilizoongezeka.

Mimi naitegemea zaidi njia hii ya mwisho, kwa sababu nyota haisemi ulikuwa unataka nini. Ukishazirundika nyingi, hukumbuki ipi uliiweka kwa uzuri wa picha na ipi uliiweka kwa kuwa moyo ulikuambia jina lililoandikwa pale si lake. Andika sababu siku ile ile, hata kwa mstari mmoja: rangi ya koo, umbo la mkia, mlio. Mali bila daftari huisha bila habari, nasi watoto wa wafanyabiashara tumelelewa na maneno hayo. Lakini mwenye duka anayeandika madeni kila siku, asilifungue daftari lake mwaka mzima, naye hana tofauti na asiyeandika.

Kisa cha bundi wa milima yetu ya Hajar kinanirudia kila ninapofikiria jambo hili. Mwaka 1878 mtaalamu wa ndege Allan Hume alimpa jina bundi mmoja aliyepatikana Omara, pwani ya Makran, ng'ambo ya bahari kutoka kwetu. Ngozi ya ndege huyo ikahifadhiwa, ikaishia makumbusho ya Uingereza. Kwa zaidi ya miaka mia moja, bundi waliokuwa wakionekana Sinai na Palestina waliitwa kwa jina lile lile, Strix butleri, kwa kudhaniwa kuwa ni wamoja. Machi 2013 Magnus Robb, mtaalamu wa kurekodi sauti za ndege, alikuwa milimani Hajar usiku akirekodi bundi wa aina nyingine aliposikia mlio asioujua. Hakuuacha upite. Yeye na wenzake wakarudi, wakarekodi, wakapiga picha, na mwaka huo huo wakamtangaza kuwa ni bundi mpya, Strix omanensis.

Mambo hayakuishia hapo. Watafiti wengine walirudi kwenye ile ngozi ya Hume, wakaipima na kuchunguza vinasaba vyake. Mwaka 2015 ikathibitika kwamba bundi wa Sinai na Palestina ni wengine kabisa, wakapewa jina la Strix hadorami. Bundi wetu wa Hajar, kumbe, ndiye yule yule wa Omara, na jina lake la haki ni lile la mwaka 1878. Ndege ambaye wengi tulifundishwa utotoni kumwogopa alingoja miaka 137 kurudishiwa jina lake. Alirudishiwa kwa sababu kuna mtu aliweka, akaandika mahali, na kuna mwingine alirudi kutazama.

Si bundi peke yake. Mwaka 2012 alielezwa mjusi mpya, Hemidactylus hajarensis, jamaa wa mjusi kafiri wetu wa ukutani. Mwaka 2020 baadhi ya samaki wadogo wa mawadi, waliokuwa wakiitwa Garra barreimiae, walitengwa na wenzao, wakaitwa Garra shamal. Basi picha iliyopewa jina kwa uaminifu mwaka 2015 huenda leo inahitaji jina jingine. Mtandao hukubali jina pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wanapoafikiana. Wakiwa wachache na wote hawarudi, kosa lao hubaki limesimama, na linaweza kuchukuliwa na watafiti kama lilivyo.

Tena kuna mtu upande wa pili. Kijana aliyepandisha picha ya nyoka wa Wadi Tiwi, akauliza ni nani huyu, anangoja jibu. Ukiweka nyota tu ukaenda zako, umemwambia umeipenda, hukumsaidia. Na ukikuta ameanika mahali penye kiota cha tumbusi, mwombe kwa upole apafiche; mtandao unaruhusu.

Pwani hii kutoka Quriyat hadi Sur ilipigwa vibaya na kimbunga Gonu, Juni 2007. Picha za mawadi za kabla ya hapo haziwezi kupigwa upya, na najua zimo makabatini mwetu, za karatasi, watoto wakiogelea na nyuma yao ndege au mti ambao hakuna aliyeujali. Mtandao unazipokea hata za miaka hiyo, mradi tarehe na mahali viwe vya kweli. Waulizeni wazee wenu wakati wangali wanakumbuka ni bwawa lipi na ni mwaka gani, muandike nyuma ya picha, kisha mzipandishe. Nawe uliye Jozani, Pugu au Lamu, mwenye nyota zako za miaka kadhaa, Alhamisi hii usiku anza na zile za zamani kabisa: fungua chache, tazama upya, na kila moja uiachie neno.